Soma namba ya nozeli kabla hujawasha mashine

Vijana wanaokuja kwangu Nyakato, hapa Mwanza, kujifunza kuosha mazulia huanza kwa kuuliza sabuni. Ipi inatoa doa la chai, ipi inatoa damu, ipi inanukia. Sijapata hata mmoja aliyeuliza habari za nozeli, vile vichwa vidogo vya shaba vinavyorusha maji chini ya mkono wa mashine, lile bomba unalosukuma juu ya zulia, linalomwaga maji na kuyafyonza. Siwalaumu, maana hata mimi sikuuliza. Mimi nilifundishwa na zulia la watu.

Ilikuwa Isamilo, mwezi wa nne, masika imekolea. Sebule kubwa, zulia la manyoya, watoto wanne na mbwa mmoja. Nozeli zangu za zamani zilikuwa zimechoka, nikanunua nyingine bila kusoma chochote. Niliona zinaingia kwenye nyuzi za kufungia, nikaridhika. Maji yalitoka kwa kishindo hadi nikafurahi. Nikalipwa, nikapewa na chai. Siku ya tatu mama mwenye nyumba akapiga simu: "Fundi, hebu njoo unuse mwenyewe." Nikavua viatu mlangoni, nikakanyaga hatua moja, soksi ikalowa. Zulia lilikuwa na mistari ya kahawia mahali nilipokuwa nimeliacha jeupe. Maji yalikuwa yamezama hadi kwenye kitako cha zulia, na yalipoanza kukauka yakapanda juu na uchafu wote wa chini.

Nikarudi nyumbani, nikazifungua zile nozeli, nikazisogeza kwenye taa. Namba ilikuwa imeandikwa palepale, 11004. Nilizoziondoa zilikuwa 11002. Yaani nilikuwa nimemwaga maji mara mbili, na mashine inafyonza kiasi kilekile cha siku zote.

Namba hiyo husomwa hivi. Tarakimu za mwanzo ni upana wa pembe ambayo maji hufunguka: 110 ni nyuzi 110, na 80 ni nyuzi 80, yaani maji hutandaa kama feni nyembamba zaidi. Mbili za mwisho ni kiasi cha maji, kwa galoni za Marekani kwa dakika, presha ikiwa psi 40 (psi ni kipimo cha presha): 02 ni galoni 0.2, sawa na robo tatu ya lita hivi. 04 ni lita moja na nusu. Kama mkono wa mashine yako una nozeli mbili, jumlisha. Nne za 01 na mbili za 02 zinatoa maji sawa, ila zile nne zinayasambaza vizuri zaidi na huziba upesi zaidi, kwa sababu tundu lake ni dogo.

Usidhani utarekebisha kila kitu kwa presha. Ukiongeza presha maradufu, maji hayaongezeki maradufu. Yanaongezeka kama mara moja na nusu pungufu kidogo. Ili yawe mara mbili inabidi presha ipande mara nne, na pampu zetu hizi ndogo haziwezi. Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: geji ya presha wanaisoma wakiwa wameachia kishikio cha kufungulia maji. Inaonyesha 200, wanafurahi. Bonyeza kishikio, maji yatoke, ndipo uisome. Ikishuka hadi 90, hiyo 90 ndiyo presha unayofanyia kazi, na nozeli zako zimeizidi pampu. Weka ndogo zaidi, utaona sindano inakaa.

Upana nao una hesabu yake. Nozeli ya nyuzi 110 ikiwa sentimita 10 juu ya zulia inafunika karibu sentimita 28. Ya nyuzi 80, kimo kilekile, haifiki 17. Kwa hiyo mkono wa sentimita 30 wenye nozeli moja unataka ile ya 110; ukiuwekea ya 80 utaacha michirizi mikavu pembeni, utadhani sabuni ni mbovu. Na ukiinua kibebeo cha nozeli kupita kiasi, maji yanavuka mdomo wa kufyonzea na kurukia ukutani. Rangi ya ukuta wa watu hailipiki kirahisi.

Jaribio langu halina gharama. Kabla ya kuingia ndani, nenda uani kwenye sementi kavu, weka mkono wa mashine kama unavyofanya kazi, bonyeza mara moja na kuachia. Angalia alama iliyobaki. Inatakiwa iwe mstari mmoja ulionyooka, sambamba na mdomo, umelowa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa umepinda, nozeli imezunguka. Legeza nati kwa spana, inyooshe, kaza kwa kiasi, shaba ni laini. Kama nozeli ni mbili, zipe mwinamo kidogo sana ili feni zipishane badala ya kugongana, na kingo zake zipandane, kwa kuwa feni huwa na maji machache pembeni. Pakiwa na pengo kavu katikati, mara nyingi imeziba.

Na hapa kwetu zitaziba. Nyumba za milimani, Mabatini na Bugando, unabeba mashine mgongoni ukipanda mawe, maji unapewa kwa ndoo kutoka chini ya simtanki, na chini ya simtanki kuna mchanga. Mimi huchuja kwa kitambaa kabla ya kumimina, hata kama mwenyeji ananitazama kwa mashaka. Nozeli ikiziba usiingize sindano wala waya. Ukikwaruza tundu, feni imeharibika moja kwa moja. Iloweke kwenye siki, isugue kwa mswaki, puliza kutoka upande wa pili.

Uchakavu hauonekani kwa macho. Nikibadili nozeli, siku hiyohiyo nakinga maji yake kwenye kikombe cha vipimo kwa dakika moja, geji ikiwa 40, naandika. Kila baada ya miezi michache narudia. Iliyoanza na mililita 750 ikifika 850, naitupa. Za chuma cha pua hudumu kuliko za shaba, ila bei yake inauma.

Isamilo nilirudi kuosha bure. Nilifunga 11002, nikapita mara mbili nikimwaga maji na mara nne nikifyonza tu bila maji, madirisha ya upande wa ziwa nikayaacha wazi mchana upepo unapoingia, na nilihakikisha luku ina uniti za kutosha kabla ya kugusa chochote, maana umeme ukikatika zulia limejaa maji, utafyonza na nini? Kesho yake saa sita mchana watoto walikuwa wamelala juu yake. Zile 11004 ninazo bado, kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Huwa nazitoa kuwaonyesha wanafunzi.