Barua kwa mwanangu: soma swali mpaka nukta yake

Mwanangu,

Umeniuliza kama kwa miezi mitatu iliyobaki kabla ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, urudie hisabati yote tangu sehemu na desimali, au uweke vitabu pembeni ufanye mitihani ya majaribio mfululizo. Baba yako kausoma ujumbe wako akasema, "Mwambie arudie yote, basi." Labda. Lakini mimi naona ulichopaswa kuuliza kiko pembeni kidogo ya hapo.

Sehemu ya hisabati ya mtihani ule haina trigonometria wala kalkulasi. Ina hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na takwimu, yaani mambo uliyoyapita sekondari. Kinachowaangusha watu wazima wenye shahada zao ni kutosoma swali mpaka nukta yake. Nimelisema hili nyumbani mpaka kaka yako hulitamka kabla yangu, na humu nitalisema tena.

Chukua yale maswali ya kulinganisha, ambayo shuleni hukuyaona. Unapewa Kiasi A na Kiasi B, na majibu manne yasiyobadilika: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au taarifa hazitoshi kuamua. Tuseme umeambiwa x ni kubwa kuliko sifuri. Kiasi A ni mraba wa x, Kiasi B ni x. Mtu anaweka 3, anapata 9 kwa 3, anachagua A na kusonga mbele. Weka nusu: A inakuwa robo, B nusu. Weka 1: vinalingana. Jibu ni la nne. Hakuna aliyesema x ni namba kamili; msomaji kaliongeza neno hilo mwenyewe.

Kwa hiyo zoea kupitisha namba za aina zote: sifuri, moja, nusu, nusu hasi, hasi mbili, na kubwa kama mia, ukiheshimu masharti yaliyoandikwa. Ukipata matokeo mawili yanayopingana, simama, umeshapata jibu. Yakikubaliana yote, bado hujathibitisha kitu. Hapo rahisisha: toa kilichomo pande zote mbili, fungua mabano. Ila usizidishe wala kugawanya pande zote kwa herufi usiyojua kama ni chanya au hasi, maana ikiwa hasi ukubwa unageuka. Na pande zote zikiwa namba tupu bila herufi, jibu la nne haliwezekani kabisa, hata kama namba zenyewe zinatisha.

Maneno madogo ndiyo yenye uzito. "Namba kamili" inaruhusu hasi na sifuri. Sifuri ni shufwa. Moja si namba tasa, na mbili ndiyo tasa pekee iliyo shufwa. Mraba wa x ukiwa 16, x ni 4 au hasi 4; lakini alama ya kipeuo cha pili juu ya 16 inakupa 4 tu. Namba kamili kuanzia 15 hadi 85, zote mbili zikihesabiwa, ni 71 wala si 70. Michoro ya jiometri si lazima iwe imechorwa kwa vipimo sahihi, kwa hiyo pembe inayoonekana mraba si mraba mpaka uambiwe. Grafu na michoro ya mihimili miwili, wa x na wa y, ndiyo iliyochorwa sawasawa, na hiyo unaweza kuikadiria kwa macho.

Asilimia nazo. Kitu kimepunguzwa bei kwa asilimia 20, sasa kinauzwa 60. Bei ya awali ni ngapi? Wengi huongeza asilimia 20 ya 60 wakapata 72. Lakini asilimia 20 ilikuwa ya bei ya awali, na 60 ndiyo asilimia 80 iliyobaki. 60 ukigawa kwa 0.8 unapata 75. Kila unapoona asilimia jiulize: asilimia ya nini? Na gari likienda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 40, wastani wa kasi si 50. Fanya umbali wa kwenda uwe kilomita 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, sawa na 48. Limetumia muda mrefu zaidi kwenye kasi ndogo, ndiyo maana.

Unajua ninapoelekea. Lile swali la umri wa ndugu wawili. Ulipanga milinganyo miwili, ukaondoa herufi moja, ukapata mdogo ana miaka 9, kila mstari uko sawa. Swali lilitaka umri wa mkubwa baada ya miaka mitatu. Ukaandika 9. Mwalimu akakata swali zima kwa wino mwekundu na kusema mbele ya darasa kwamba hesabu si zako. Na wewe ukamwamini! Mpaka leo linaniuma, si alama, bali kwamba mtu aliona kazi safi kiasi kile akaiita kutojua. Ulijua. Hukusoma sentensi ya mwisho. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake ni mbili. Sasa unaniandikia kwamba "mimi na hesabu tuliachana zamani", kana kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki.

Turudi kwenye kazi. Fungua daftari la makosa, na usiandike namba ya swali tu. Nakili swali lenyewe. Chini yake andika ulichojibu, kisha sababu, na sababu iwe moja kati ya hizi: sikujua kanuni, nilisoma vibaya, nilikosea kukokotoa, au muda uliniishia. Mstari wa mwisho andika dalili: ni neno gani ndani ya swali lingenishtua nikiliona tena. Baada ya wiki lifanye upya bila kutazama jibu. Ukishindwa tena, linabaki kwenye foleni. Ukishajaza kurasa kumi hivi, hesabu sababu. "Sikujua" zikiwa nyingi, baba yako ana haki, rudi kwenye vitabu, ila kwa mada zilizojitokeza tu. "Nilisoma vibaya" zikiwa nyingi, kurudia kitabu kizima hakutakusaidia. Soma swali mpaka nukta yake, na kabla ya kukokotoa chochote andika kwenye karatasi kinachotafutwa: "umri wa mkubwa + 3 = ?"

Machache uyaweke kichwani yasikule muda: miraba ya namba mpaka 20, vipeo vya 2 mpaka 1024, thumni kuwa 0.125, pembetatu zenye pembe mraba za pande 3-4-5 na 5-12-13, na uwiano wa pande katika ile yenye nyuzi 30, 60 na 90, ambao ni 1, kipeuo cha pili cha 3, na 2.

Kuhusu mitihani ya majaribio, ETS, yaani watungaji wenyewe wa GRE, wanatoa miwili ya bure kwenye POWERPREP, mazoezi yao ya mtandaoni, na hakuna inayofanana na mtihani halisi kuliko hiyo. Nilitaka kukwambia uitunze yote miwili mpaka mwisho. Lakini bila kipimo cha mwanzo utajuaje unaanzia wapi? Basi, mmoja ufanye wiki hii, bila maandalizi, kwa muda kamili, ukianza na insha yake. Wa pili uuache mpaka wiki mbili kabla ya tarehe. Katikati fanya maswali mafungu mafungu, kwanza bila saa, kisha kwa saa.

Saa yenyewe iko hivi tangu mtihani ulipofupishwa Septemba 2023: hisabati ina mafungu mawili, la kwanza maswali 12 kwa dakika 21, la pili maswali 15 kwa dakika 26. Ni kama dakika moja na robo tatu kwa swali. Ugumu wa fungu la pili unategemea ulivyofanya la kwanza, kwa hiyo la kwanza usilipeleke mbio. Ndani ya fungu unaweza kuweka alama kwenye swali, kuliruka na kulirudia, na maswali yote yana uzito sawa. Swali likikaa dakika mbili bila njia, weka jibu la kubahatisha, litie alama, nenda. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache hata moja tupu.

Kuna maswali yenye majibu zaidi ya moja, ambayo visanduku vyake ni vya mraba badala ya mviringo. Hayo hayana nusu alama: ukikosa moja au ukizidisha moja, umekosa lote. Na yale ya kuandika namba mwenyewe, angalia kama alama ya asilimia imeshaandikwa kando ya kisanduku. Ikiwepo, andika 25, si 0.25. Jibu likiwa la sehemu, si lazima ulirahisishe. 25/100 inakubalika sawa na 1/4. Usikadirie desimali kama hujaambiwa.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, cha kawaida, chenye kipeuo cha pili na mabano, na kinafuata utaratibu wa kuzidisha kabla ya kujumlisha. Sikipendi. Lakini kwa maswali ya grafu yenye namba mbaya kitumie, hakuna sifa ya kugawa 3,847 kwa mkono. Ninachopinga ni kukifungua kabla hujajua unatafuta nini.

Umesema utafanyia nyumbani. Basi ujue karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Unaandikia ubao mdogo mweupe au karatasi iliyowekwa ndani ya plastiki angavu, kwa kalamu inayofutika. Anza kuitumia leo. Kalamu ile inaandika nene, nafasi inajaa haraka, na mtu akifuta katikati ya swali hufuta na milinganyo aliyokuwa anaihitaji. Gawa ubao kwa mistari uwe na vyumba sita, swali moja chumba kimoja, na ufute kimoja kimoja.

Mwisho umeuliza kama uahirishe ukiona hujafika. Unaweza kurudia baada ya siku 21, mpaka mara tano ndani ya miezi 12, na wewe ndiye unayechagua matokeo ya mtihani upi yapelekwe chuoni. Kwa hiyo tarehe hii haikufungi. Kama unataka maoni yangu... Mimi nisingeahirisha. Ila sijaona daftari, na bila daftari ninakisia tu, kwa hiyo sisemi. Piga picha kurasa tano za kwanza zenye makosa unitumie. Alama ulizopata usinitajie. Nataka kuona safu ya sababu.

Mama yako