Kazi ya Kikundi Isiyowezekana kwa Mtu Mmoja

Mwalimu mwenzangu, ukiwapa wanafunzi kazi ya kikundi ambayo mmoja anaweza kuimaliza peke yake, ataimaliza peke yake. Wengine wataandika majina tu. Nimeliona hilo sana hapa Eastlands, Nairobi, ninakofundisha sayansi, na ndiyo maana siku hizi mada ya sauti tunaifundisha pamoja, mimi na mwalimu wa muziki.

Mtaala wa Kenya wa umilisi (CBC) unataja mawasiliano na ushirikiano katika umilisi wa kimsingi. Ni sawa, ila watoto hawashirikiani kwa kuambiwa, hushirikiana wanapohitajiana.

Tunawapa kazi ya kutengeneza ala ya nyuzi na kuipiga mbele ya darasa, wanne wanne. Vifaa ni rahisi: mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala wa soko la Gikomba, debe kuukuu, misumari, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Uzi wa sentimita 60 ukitoa noti ya do, ukiufupisha hadi 40 utatoa so, na hadi 30 utatoa do ya juu, mradi mkazo usibadilike. Hiyo ndiyo hesabu. Lakini ubao hupinda, uzi hulegea, na rula haina masikio. Hapo ndipo anapohitajika yule msichana wa kwaya anayekwepa hesabu. Anainamia debe, anasikiliza. "Bado iko chini. Sogeza." Mwenye rula anasogeza kidogo, anaandika kipimo, anauliza tena. Wanabishana: ni urefu au ni mkazo? Waache wabishane. Ukikimbilia kuwapa jibu, umewanyang'anya somo lenyewe.

Usikubali sanaa iwe ya kupaka rangi mwishoni, wenzao wakishamaliza kufikiri. Mtoto anajua akiwa pambo.

Kwenye alama nina msimamo mkali. Humuuliza kila mmoja kuhusu sehemu ya mwenzake: mwimbaji anieleze kwa nini uzi mfupi, unaotetemeka kwa kasi zaidi, hutoa sauti nyembamba, mpimaji aniimbie so. Alama ni ya kikundi kizima. Tangu nianze hivyo, nawakuta wakifundishana wakati wa mapumziko, hata wasiokaa dawati moja.

Omba vipindi viwili mfululizo. Dakika 40 huishia kwenye kufunga nyuzi, kabla hata ya kusikiliza, kwa hiyo zungumza na mpangaji wa ratiba kabla muhula haujaanza.