Ukitaka kufundisha Biblia Albania, jizoeze kwanza kukaa mezani

Bwana asifiwe. Vijana wanaonifuata nje baada ya ibada kuniuliza habari za umisheni Ulaya karibu wote wana picha ileile kichwani: uwanja, jukwaa, spika kubwa, mkalimani pembeni, na watu wanatoka mbele kuongozwa sala ya toba. Mimi nimeishi Elbasan, mji wa katikati ya Albania, nikisaidia kanisa dogo la wenyeji kufundisha Biblia. Kwa mwenye wito wa Balkani, yaani nchi za kusini-mashariki mwa Ulaya, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba spika aiache hukuhuku. Kazi ya kule inafanyika mezani. Watu wanne au watano, kahawa kwenye vikombe vidogo, Biblia zimefunguliwa, na hakuna mwenye haraka. Kama huwezi kukaa jioni nzima kwenye kiti kimoja, ukisikiliza zaidi ya unavyosema, utapata tabu.

Sababu iko kwenye historia yao, na usipande ndege bila kuijua. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilifunga misikiti na makanisa yote nchini. Mengine yalibomolewa, mengine yakawa maghala, na kanisa kuu la Shkodër, mji wa kaskazini, likageuzwa ukumbi wa michezo. Katiba ya 1976 ikaandika wazi kwamba dola haitambui dini yoyote. Mapadre, mashehe na makasisi walifungwa, na wapo waliouawa. Misa ya hadharani ilirudi Novemba 1990, tena makaburini, huko huko Shkodër. Kwa hiyo mtu wa miaka sitini unayekutana naye leo amesoma shule iliyomfundisha kwamba hakuna Mungu, na nyumbani alifundishwa asiseme jambo la maana mbele ya watu wawili, kwa sababu mmoja wao huenda ni mtu wa Sigurimi, usalama wa taifa wa wakati ule.

Mtu wa namna hiyo ukimwita mbele ya umati anyooshe mkono, atanyoosha. Amenyoosha mkono kwenye mikutano ya chama maisha yake yote ya ujana, na haikuwa na maana kwamba amekubali. Baada ya utawala ule kuanguka mwaka 1991, mashirika ya umisheni yalimiminika kutoka kila upande, na mikono mingi sana ilihesabiwa miaka ile. Hata hivi karibuni nimeshuhudia kikundi cha wageni kikija wakati wa kiangazi, kikapiga picha, kikahesabu, kikaondoka. Sisi tukabaki na karatasi ya majina ambayo wenyewe hatukuwaona tena. Siwalaumu sana. Wafadhili wao wanataka namba, na meza ya kahawa haina namba za kupeleka.

Nieleze meza ilivyo. Jioni moja ya baridi tulikuwa tukisoma Matendo 16 nyumbani kwa mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye kile kiwanda kikubwa cha chuma cha Elbasan, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Nilikuwa nimejiandaa kwa tetemeko, milango kufunguka, na mlinzi wa gereza kuuliza afanye nini apate kuokoka. Mzee akatusimamisha kabla hata hatujafika gerezani. Alitaka kujua ni nani aliyewachongea Paulo na Sila. Tukarudi juu, tukasoma tena polepole: ni mabwana wa yule kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, walipoona mapato yao yamekatika. Mzee akatikisa kichwa, ambayo kwao ndiyo kukubali (utazoea, ila miezi ya mwanzo inachanganya kweli). Halafu akatusimulia habari za mdogo wa baba yake, aliyepelekwa kwenye machimbo ya wafungwa ya Spaç kwa sababu ya kusikiliza redio ya nje. Aliyemchongea anaishi mtaa uleule mpaka leo. Wanasalimiana asubuhi dukani.

Tulipofika mstari wa 33 aliuliza tena: yule mlinzi aliwaosha majeraha kwanza, au alibatizwa kwanza? Mkewe akasoma kwa sauti. Aliwaosha kwanza. Mzee akamwambia arudie. Akarudia. Ikawa ndiyo mwisho wa somo jioni ile, na sikuona haja ya kuongeza neno. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu gereza la Filipi hapa kwetu, na hakuna aliyewahi kukaa na huo mpangilio wa maneno, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kumsubiri mtu aje aoshe jeraha alilolisababisha.

Basi usiende na mahubiri ya vipengele vitatu vinavyoanza na herufi moja. Chukua sura moja kwa jioni, kila mtu asome kipande kwa sauti, na maswali yao ndiyo yaamue mtakaa wapi. Na ukiulizwa uanze na kitabu gani kwa watu ambao hawakulelewa na Maandiko, mimi huanza na Mwanzo, halafu Marko, halafu Matendo. Ukiwapa Warumi mwezi wa kwanza, wataitikia kwa heshima tu.

Jambo la pili: usiingie kana kwamba Injili imeshuka na wewe kwenye ndege. Paulo anawaambia Warumi kwamba amehubiri kuanzia Yerusalemu mpaka Iliriko, na Iliriko ni pande hizohizo. Barabara ya Warumi iliyoitwa Via Egnatia ilianzia pwani, Durrës, ikapita Elbasan, ikaenda Ohrid, Thesalonike, hadi Filipi. Barua kwa Wafilipi na Wathesalonike zilikwenda kwa watu wa barabara yao, na ukiwaonyesha hilo kwenye ramani utaona macho yanabadilika. Ndani ya ngome ya Elbasan, kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria, amezikwa Kostandin Kristoforidhi, mwenyeji wa mji, aliyetafsiri Agano Jipya kwa lahaja zote mbili kuu za Kialbania, ya kaskazini ikatoka 1872 na ya kusini 1879. Gjerasim Qiriazi, Mprotestanti wa Kialbania, alihubiri mji wa Korçë, akatekwa na majambazi mwaka 1884, akapona, na mwaka 1891 yeye na dada yake Sevasti wakafungua shule ya wasichana. Ukizungumza na Waprotestanti wa Albania bila kumjua Qiriazi, watakuona mgeni kabisa.

Wakatoliki nao wana mashahidi wao: 38 walitangazwa wenye heri Shkodër mwaka 2016. Papa Fransisko alipofika Tirana mwaka 2014 akamsikiliza padre mzee Ernest Simoni akisimulia miaka yake ya kifungo, alilia mbele za watu. Nasema haya hasa kwa ndugu zangu walokole wanaodhani kila asiyeimba mapambio bado hajaisikia Injili. Kaa kimya kwanza mbele ya kanisa lililofungwa jela.

Tena kuna jambo wengi wetu hatulijui. Askofu Mkuu Anastasios, aliyelifufua Kanisa la Kiorthodoksi la Albania tangu 1992 hadi alipofariki Januari 2025, kabla ya hapo alifanya kazi kwetu. Karibu miaka yote ya 1980 aliongoza Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania akiwa na makao Nairobi, na seminari yao pale Riruta ilifunguliwa wakati wake. Kwa maneno mengine, aliyerudisha madhabahu Albania alitokea Afrika Mashariki. Mworthodoksi akikutazama kwa wasiwasi, mtajie hilo. Mimi lilinifungulia milango kadhaa ambayo barua ya utambulisho isingefungua.

Na kwa wanaodhani Ulaya yote imetutangulia kwa Maandiko: Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwapo tayari miaka ya 1890. Waalbania walingoja Biblia nzima kwa lugha yao hadi miaka ya 1990.

Sasa majirani. Karibu nusu ya watu wa Albania hujitaja kuwa Waislamu, kuna Bektashi, watu wa tarika ya Kisufi ambao makao yao makuu ya dunia yako Tirana, kuna Wakatoliki na Waorthodoksi, na walokole hawafiki hata asilimia moja. Kwa mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Ujiji, hali hii haitishi. Umekula sikukuu kwa jirani, umeshika jeneza la shehe wa mtaa, shangazi yako mmoja anaitwa Mwanaidi na mwingine Maria. Naamini kabisa kwamba watu wa pwani wanafaa Albania kuliko wamisionari wengi niliowaona, wale ambao jirani Mwislamu walimsoma kwanza kwenye semina. Kule Laç, kwenye kanisa la Mtakatifu Antoni, Jumanne utawakuta hata Waislamu wamepanda mlima kwenda kuomba. Mwalimu mmoja mgeni alipaona akashikwa na bumbuwazi, akataka tuandae somo la kukemea. Mimi nilikumbuka wangapi wetu wanabeba chupa ya maji kwa mchungaji na kombe kwa mwalimu wa madrasa wiki hiyohiyo, nikaona tuanze na kusikiliza kwanza.

Kwa hiyo nenda msibani. Hilo ndilo darasa lako la kwanza. Utapewa kahawa, utakaa na wanaume, hutaulizwa chochote, na hutasema chochote zaidi ya pole. Ukipewa raki, pombe kali ya kienyeji, weka kiganja kifuani na uiname kidogo. Wataelewa, wala hakuna atakayekasirika. Vua viatu mlangoni, vaa ndara utakazopewa. Watoto watataka picha na wewe, na wazee watakuuliza unachezea timu gani, maana Mwafrika wanayemjua ni mchezaji wa mpira. Jibu kwa utani na mambo yaishe.

Ila usidhani Balkani yote ni Albania. Bosnia na Kosovo, maneno "Mkristo" na "Mwislamu" yalibebeshwa bunduki. Srebrenica, mji wa Bosnia, Julai 1995, waliuawa zaidi ya Waislamu elfu nane, wanaume na vijana, na waliowaua walitoka jamii inayojiita ya Kikristo. Mama wa kule akisikia unajitambulisha kwa dini kabla ya jina, ameshajua upande wa kukuweka. Sema jina lako, sema unatoka wapi, kaa. Kuna ndugu wa Rwanda na Burundi ambao wangeweza kusema jambo huko ambalo mimi sina haki ya kulisema, na ningependa makanisa yao yalifikirie kwa uzito, lakini asipelekwe mtu ambaye jeraha lake mwenyewe bado bichi.

Kinachovunja moyo zaidi Albania, kuliko upinzani wowote, ni uwanja wa ndege. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 2.8, ya 2023 ikakuta milioni 2.4. Vijana wanakwenda Ujerumani, Italia, Ugiriki, Uingereza. Unamlea binti kutoka kusoma Marko hadi kuongoza watoto wa Jumapili, halafu anakuja na ballokume, biskuti za kienyeji za Elbasan, unajua kabla hajafungua mdomo kwamba amepata kazi ya uuguzi ng'ambo. Makanisa mengi kule yanafundisha kana kwamba watu watabaki. Mimi ningekushauri ufundishe kila mtu kana kwamba ataondoka mwakani: badala ya kumpa masomo mengi, mfundishe kuongoza meza mwenyewe, afungue sura, aulize, anyamaze. Popote atakapofika, meza ataikuta.

Lugha ipe mwaka mzima kabla ya kuomba mimbari. Vijana wengi wanazungumza Kiingereza na watu wazima wamejifunza Kiitaliano kwenye televisheni, kwa hiyo utashawishika kupita njia ya mkato. Lakini hakuna anayeomba wala kulia kwa Kiitaliano cha televisheni. Kaa chini ya kanisa la wenyeji na mchungaji wao awe ndiye mkubwa wako. Visa na kibali cha kuishi vifuatilie mapema, maana Albania haimo Umoja wa Ulaya wala Schengen na taratibu zake ni zake.

Hela sasa. Hapa ndipo wengi wanakwama, na tatizo liko nyumbani kwetu. Waumini hutoa kwa moyo kwa anayekwenda porini, lakini ukitaja Ulaya wanacheka: mtu anakwenda kwa wazungu halafu anaomba mchango? Waeleze kwa picha na kwa bei. Wapige hesabu wenyewe ya kodi ya nyumba, mkate, na hasa joto. Nyumba nyingi za Elbasan hazina mfumo wa kupasha joto jengo zima. Unawasha hita ya umeme au jiko la kuni, na bili inapanda. Bajeti ya joto iandike kwenye mstari wake peke yake, Novemba mpaka Machi, uisome mbele ya wazee wa kanisa kabla hujakata tiketi, na wakisaini uache nakala kwa mweka hazina.