Fundi Akikwambia "Tuhamishe Chesi", Kataa

Gari langu, Toyota Fielder, liliviringika karibu na Awasi, mvua ikinyesha, baada ya lori kunibana hadi nje ya lami. Mimi nilitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Gari lilitoka na paa lililobonyea hadi kwenye viti. Bima yangu ilikuwa thadi pati, inayolipa hasara ya wengine tu, kwa hiyo hapakuwa na wa kunilipa hata shilingi.

Nikalivuta hadi Kisumu kwa fundi niliyemwamini miaka mingi. Akalizunguka mara moja, akainua boneti, akanionyesha ule ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, palipogongwa nambari ya chesi, ile inayolitambulisha gari.

"Mkubwa, bodi imeenda. Lakini chesi yako hii hapa, haijaguswa, na logibuku ni yako. Kuna bodi Nakuru, safi, haina karatasi. Tunakata hiki kipande, tunachomelea kule, tunapiga rangi. Wiki mbili uko barabarani."

Alitaka laki moja na nusu. Nilimuuliza hiyo bodi isiyo na karatasi imetoka wapi. Akacheka.

"Sasa unataka gari ama unataka hadithi?"

Nilitaka hadithi, kwa sababu moja ya aina hiyo naijua tangu mwanzo hadi mwisho.

Shemeji yangu alinunua Fielder kwa dalali, kwa mkopo wa sacco. Logibuku, yaani hati ya umiliki, ilikuwa halali. Uhamisho ukapita, jina lake likaingia kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya. Kwa mwaka mzima na zaidi gari lilipeleka watoto shule na kurudisha mahindi kutoka shambani. Siku moja akasimamishwa kwenye barabara ya Kakamega. Askari akafungua boneti, akapitisha kidole juu ya nambari, na kidole hicho hakukiondoa. Gari likalala kituoni.

Siku ya uchunguzi mimi ndiye niliyempeleka. Mtaalamu alikwangua rangi, akasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, kisha akaanza kupaka asidi kwa pamba, taratibu, kama mtu anayesafisha kidonda. Mwanzoni hatukuona kitu zaidi ya nambari tuliyoizoea. Baadaye katikati ya tarakimu zile zikaanza kuchomoza nyingine, hafifu, zimelala upande kidogo: 3 ndani ya 8, 7 chini ya 1. Alitueleza bila kuacha kazi yake. Nambari ikigongwa kwenye chuma, mgandamizo huingia ndani kuliko alama inayoonekana. Mwizi akisaga juu na kugonga nyingine, chuma cha chini bado kimekazana pale pale, na asidi hukila kwa kasi tofauti na kile cha pembeni. Kwa hiyo nambari ya kwanza huibuka tena.

Hiyo nambari ya kwanza ilikuwa ya gari lililoibwa Nakuru. Mwenyewe alikuja, mama mtu mzima anayeuza vitambaa. Hakutazama nambari wala karatasi. Alifungua mlango wa nyuma, akabandua lile bamba la plastiki la ndani, akaingiza mkono, akavuta kipande cha leso ya rangi ya zambarau. Alikuwa amekichomeka humo mwenyewe ili mlango usigongegonge kwenye barabara mbovu. Hakuna aliyesema neno. Kisha akamgeukia shemeji: "Pole, mwanangu. Wametuibia sote wawili."

Shemeji aliendelea kulipa sacco kwa gari ambalo hakuwa nalo.

Watu humlaumu kwa kutochunguza, lakini tuangalie sheria kwanza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki iliyo kubwa kuliko yake. Mwizi hana haki yoyote, kwa hiyo hata ulipe kwa nia safi mbele ya wakili, kwa kawaida gari hurudi kwa mwenyewe. Kisha kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63: kuiba gari ni kifungo cha hadi miaka 7, na kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi ni hadi miaka 14. Soma tena hapo. Mpokeaji anaweza kufungwa mara mbili ya mwizi. Sasa mtu aliyeambiwa "bodi haina karatasi" na bado akalipa, atamwambia hakimu hakuwa na sababu ya kuamini?

Kuna hoja nyingine ninayoisikia sana, na hii husemwa na watu waaminifu. Jamaa mmoja wa Kakamega ana Toyota Probox mbili, zote anasema ni zake, zote zina logibuku. Moja iliungua, ya pili logibuku yake ina mgogoro wa mirathi. Akaniuliza: "Nikihamisha nambari ya hii kwenda kwa hii, nimemwibia nani?"

Leo, huenda hujamwibia mtu. Lakini nambari ya chesi haikutambulishi wewe, inatambulisha ile bodi, na wako wengi wanaoitegemea wasiokujua. Yule atakayeinunua miaka mitano ijayo atalipa bei ya gari la mwaka fulani na kupata la mwaka mwingine. Kampuni ya bima imekubali kubeba hatari ya gari moja wakati wewe unaendesha jingine, na siku ya ajali ikigundua, utakuwa umelipa ada za bure. Warithi wengine wa ile Probox nao je?

Kinachonitisha zaidi ni mifuko ya hewa. Ile ya Takata, kampuni ya Japani, ambayo ilifungwa kwenye Toyota, Honda, Nissan na magari mengine mengi, ilirudishwa kwa mamilioni duniani, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Kemikali ya ndani huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifyatuka, chombo cha chuma kinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Joto na unyevu! Sisi tunaishi kando ya ziwa. Njia ya kujua kama gari lako limo kwenye orodha ya yanayotakiwa kurudishwa ni kuingiza nambari ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukiwa umehamisha nambari, unaweza kuambiwa gari ni salama, na litakaloambiwa hivyo ni lile lililoungua. Mtoto wako ameketi kwenye jingine.

Kubadilisha injini ni jambo tofauti kabisa, na nalitaja kwa sababu wengi huchanganya. Hiyo inaruhusiwa. Nunua injini yenye risiti na makubaliano ya mauzo, peleka gari likakaguliwe, NTSA ibadilishe kumbukumbu. Kinachotakiwa ni kwamba karatasi na chuma viseme kitu kimoja.

Kabla ya kununua, tafuta rekodi za gari wewe mwenyewe kupitia eCitizen, usipokee picha ya skrini kutoka kwa dalali. Ukishapata, nenda kwenye chuma. Magari yetu mengi hutoka Japani, na nambari zao huanza na msimbo wa modeli, kisha kistari, kisha tarakimu. NZE121 ni Corolla au Fielder ya injini ya cc 1500 inayovuta kwa magurudumu ya mbele. NZE124 huvuta kwa magurudumu yote manne. Gari la shemeji lilikuwa limegongwa NZE124. Chini yake hapakuwa na propela wala difu ya nyuma, vile vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Fundi yeyote angelala chini dakika moja angeliona, na hatukumlaza fundi yeyote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ukinunua gari la Ulaya lenye nambari ya herufi na tarakimu 17, kumbuka kuwa I, O na Q hazitumiki humo. Ukiona mojawapo, ondoka. Papasa pembeni ya nambari: mshono wa kuchomelea, rangi nzito kuliko ya jirani, tarakimu zisizokaa kwenye mstari mmoja. Na kama muuzaji hataki uinue kapeti wala ufungue boneti, huna haja ya sababu nyingine.

Mimi nililiuza langu kama spea. Injini iliondoka na makubaliano yaliyoandikwa nambari yake, milango ikaenda Bungoma, magurudumu Luanda. Niliiandikia NTSA kwamba gari halipo tena barabarani, na logibuku sikumpa mnunuzi yeyote. Nilipata pungufu sana ya thamani ya gari, na nikapanda matatu kwa miezi minane.

Wakati natangaza hizo spea, watu watatu walinipigia wakiulizia karatasi tu. Wa tatu alipiga usiku. Alisema ananipa elfu themanini kwa logibuku na kile kipande cha chuma chenye nambari, milango na viti nibaki navyo. Nilimuuliza gari analotaka kulivisha hiyo nambari amelitoa wapi.

Akakata simu.