Hapana, siyo leza: kwa wanaotaka kuanza skrolisoo hapa Mwanza

Wiki iliyopita nilirusha picha ya daraja la Kigongo-Busisi, lile la kuvuka Ziwa Victoria, nililolichonga kwa kukata plaiwudi, na kiukweli sikutegemea lingepokelewa vile, watu wamesambaza mpaka ndugu zangu wa Sengerema wananitumia mimi mwenyewe wakiuliza kama nimeona. Sasa katikati ya pongezi zote hizo kuna mdau akaja inboksi, "Kaka shikamoo, hiyo leza unafanyia wapi, naomba bei." Hajanitukana, najua ameuliza kwa heshima kabisa. Ila ile meseji nimelala nayo nimeamka nayo, ikabidi nikae niandike.

Siyo leza. Ni skrolisoo, ile mashine ndogo ya kuweka mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka palepale ilipo, mbao unaishika wewe kwa mikono miwili na unayeizungusha ni wewe. Leza inakata kwa kuunguza, kwenye plaiwudi ukingo unabaki na weusi. Vuta picha yangu karibu uangalie pembeni mwa zile nyaya za daraja, ni peupe, tabaka za plaiwudi unaziona moja moja. Pale umepita mkono wa mtu.

Najua wengi mnaonifuatilia mna hamu ya hiki kitu, mtu umetoka kazini jioni unataka ukae uani utengeneze kitu kizuri chako mwenyewe, basi niwaambie mimi nilivyopita.

Mashine yangu ni yuzdi, ilikuja na mzigo wa vitu vya Uingereza, na hapo nilikuwa na bahati maana umeme wao na wetu unaendana, volti 230, hata plagi ile ya miguu mitatu inaingia ukutani bila adapta. Rafiki yangu yeye aliletewa ya Marekani, ya volti 120, lazima aipitishe kwenye transfoma kila akitaka kukata, ukiichomeka hivihivi umeiua siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujatoa hela geuza mashine usome kile kibati cha nyuma. Halafu angalia inavyoshika bledi. Kuna zinazotaka bledi yenye pini kwenye ncha na kuna zinazobana bledi isiyo na pini, zote urefu wake ni inchi 5. Chukua isiyo na pini. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya nakshi ni matundu, bledi lazima uichomoe juu uipitishe kwenye tundu ulilotoboa kwa drili ndo uifunge tena, sasa yenye pini inadai tundu kubwa mpaka pini ipite, isiyo na pini inapita kwenye tundu la milimita moja na kitu. Lile daraja lisingewezekana kwa bledi ya pini, nasema kweli.

Maana zile nyaya ndo zilikuwa kazi yenyewe. Daraja lina urefu wa kilomita 3 na nguzo kuu tatu, nyaya zinashuka huku na huku, na kati ya waya na waya pana kinafasi chembamba ambacho lazima kitobolewe peke yake, bledi iingie, ikate, itoke, uhamie cha pili. Nilitumia plaiwudi ya milimita 6 na bledi namba 1 (namba ikiwa ndogo bledi ni nyembamba, ukienda kwenye mninga mnene panda mpaka namba 5). Unaanza na vidogo vya katikati wakati mbao bado nzima ina nguvu, umbo la nje unalikata mwisho kabisa. Ukianza na nje, ukifika kwenye nyaya kitu chote kinatetemeka na waya unakatikia mkononi.

Na usisukume. Hili nalirudia na nitalirudia tena. Bledi ina spidi yake, wewe kazi yako ni kuipelekea mbao, ukisukuma bledi inapinda tumbo, ukata unalala, kwa juu umefuata mstari vizuri ukigeuza chini umeshatoka nje. Halafu bledi nyingi zinavuta upande, mara nyingi kulia, kwa sababu ya jinsi meno yanavyotengenezwa kiwandani, upande mmoja unakuwa mkali zaidi. Mtu mgeni anapigana nayo anadhani mashine mbovu. Usipigane, ielekeze mbao kidogo kwa pembeni uende nayo, mikono itazoea yenyewe bila wewe kufikiria. Meno yaangalie chini. Bledi ikaze mpaka ukiigusa kwa kucha inalia kama waya wa gitaa. Na usisukume.

Sasa niseme linaloniuma. Wakati naanza, nyumbani niliambiwa mtu mzima na ajira yake anachezea vibao. Nikanyamaza. Baadaye ikaja ofisi moja, siitaji, wakataka ngao za wafanyakazi wao, nikakata majina yote kwenye mninga, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, wakaja wakazichukua wakazifurahia, kwenye malipo mtu mzima ananiambia eti mbona ghali wakati mashine ndo imefanya kazi. Mpaka leo hela sijapewa. Mashine ndo imefanya kazi! Kwa hiyo kwa nini neno leza linanichoma sasa mtanielewa vizuri, ni lilelile, ni kumwondoa mtu kwenye kazi yake.

Na sisi wenyewe tunachangia. Tunataka kitu leo kesho kiko statasi. Kijana ananunua mashine, Jumamosi ya kwanza anataka akate Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, lote na mawe yake na maji na ndege juu, bledi zinakatika, anaiuza mashine anasema haifai. Ndugu yangu, kata sato. Kata sato mmoja, mwili na mkia, tundu la jicho, basi. Kisha mkate tena mpaka mkunjo wa mkia utoke laini bila kona. Mchoro unaprinti steshenari, unabandika maskintepu kwanza kwenye mbao, karatasi unaigundisha juu yake, ukimaliza unabandua vyote kwa pamoja mbao inabaki safi. Plaiwudi usinunue shiti nzima ya futi 8 kwa 4, nenda kwa mafundi wa fenicha mtaani kwenu uombe vipande vinavyobaki, wengi wanakupa au unawaachia hela ya soda. Ukihamia mbao ngumu bandika selotepu pana juu ya mchoro, inapunguza kuungua pale bledi inapopita. Mvumilie sato wako, heshima ya mkono inajengwa hapo kwa sato, haijengwi kwa daraja.

Mambo mawili wengi hawayasemi. Vumbi la hii mashine ni unga laini kabisa na plaiwudi ina gundi ndani, vaa barakoa kila siku, hata kama unakata kwa dakika chache, hata kama upepo wa ziwani unapiga vizuri. Na sisi tunaokaa karibu na maji bledi zinapata kutu haraka, nyembamba zile zikishika kutu zinakatika ovyo. Mimi naziweka kwenye kopo lenye mfuniko, nimezipitishia mafuta ya cherehani kwa kitambaa, na meza ya mashine naisugua nta ya mshumaa, inazuia kutu na mbao inateleza vizuri. Kaka wa inboksi, bei ya daraja nimeshakujibu, na ukitaka kuja kuona linavyokatwa njoo Jumamosi mchana umeme ukiwepo.