Ziwa Lipo Magharibi, na Jua la Jioni Vilevile: Majibu kwa Wanaojenga Mwanza

Barua za safari hii zimetoka zaidi Nyamagana, Ilemela na wilaya za jirani. Karibu zote zinahusu jua na maji, mambo ambayo mwenye nyumba huanza kuyafikiria kuta zikiwa zimeshasimama. Tumechagua sita.

Habari za kazi. Nyumba yetu ipo Nyegezi mteremkoni. Sebule na vyumba viwili vya kulala tumevielekeza ziwani makusudi, vioo vikubwa. Kuanzia alasiri hakukaliki, na saa nne usiku kuta bado zina moto. Fundi anasema tuweke kiyoyozi. Hakuna njia nyingine? — Mama wa Nyegezi

Pole, mama. Upande wote huu wa Ghuba ya Mwanza una tatizo hilo. Mji umekaa mashariki mwa maji, kwa hiyo anayefungua dirisha aone ziwa analifungulia pia jua la jioni.

Kiyoyozi kisubiri. Mwanza ipo kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na jua la katikati ya mchana haliendi mbali na utosi: mwishoni mwa Juni linainama nyuzi 26 hivi kuelekea kaskazini, mwishoni mwa Desemba nyuzi 21 kuelekea kusini. Ukuta wa kaskazini au kusini ni rahisi kuukinga. Ikiwa kutoka paa hadi chini ya dirisha ni mita 1.8, paa likichomoza sentimita 90 linatosha jua linapokuwa juu kabisa, na likichomoza mita 1.2 linakinga mpaka karibu saa kumi jioni. (Huku jua hufika juu kabisa karibu na saa saba, si saa sita, kwa sababu saa za Tanzania zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki nasi tuko karibu 33. Fundi anayekadiria kivuli kwa saa yake ya mkononi alikumbuke hilo.) Magharibi hesabu hiyo haisaidii. Saa kumi na moja jioni jua lipo chini ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho, na ili paa peke yake likinge dirisha la mita 1.2 lazima lichomoze zaidi ya mita 2.

Mahali pa kulizuia ni nje, kabla halijagusa kioo. Pazia la ndani halisaidii sana, kwa sababu joto likishapita kioo limeshaingia nyumbani. Kama nafasi ipo, jengeni baraza ya mita 2.5 mbele ya sebule, na upande wake wa nje mfunge mbao za wima au tofali za matundu kwenye sehemu mnazokaa jioni. Mandhari yatapungua kidogo, lakini hata sasa mnaishi mapazia yakiwa yamefungwa. Kwenye vyumba vya kulala msihangaike na mandhari: wekeni fremu ya mbao au chuma sentimita 40 hadi 60 kutoka ukutani, mpandishe mmea unaotambaa au mfunge mabanzi. Uwazi huo wa nyuma ni muhimu, maana hewa ipitayo hapo huondoka na joto. Ukuta wa tofali za inchi 6 hunyonya jua jioni na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, na hilo ndilo joto lenu la saa nne usiku. Ukipata kivuli na rangi nyeupe utatulia.

Kisha hewa. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Chumba chenye dirisha la magharibi tu hakina pa kutolea hewa, na kwa kawaida hewa ya dirisha la upande mmoja hufika mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha chumba, basi. Toboeni upande wa pili, hata kama ni uwazi wa sentimita 40 juu ya mlango wa chumba, ilimradi korido nayo ina dirisha la mashariki. Angalieni pia aina ya dirisha: la aluminiamu la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu ya ukubwa wake, la bawaba hufunguka lote. Wavu wa mbu nao hupunguza upepo, kwa hiyo uwazi uwe mkubwa kuliko unavyodhani unatosha.

Paa tunaliweka mwisho kwa kuwa hamkulitaja. Chungulieni juu ya dari mchana. Kama mmefunga gipsam na fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) bila tundu lolote, joto la bati limefungiwa humo. Wekeni matundu yenye wavu chini ya ukingo wa paa na mengine juu karibu na kilele, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Siku mtakayobadilisha bati, tandikeni karatasi inayong'aa ya alumini chini yake. Isigusane na bati: iachwe na nafasi ya sentimita 2.5 au zaidi, la sivyo haifanyi kazi yake.

Nimepata kiwanja juu huko Mabatini, mawe matupu. Fundi anataka kuyachomea moto yapasuke tupate usawa. Mwingine anasema nusu ya msingi ikae juu ya jabali, nusu kwenye udongo. Nimsikilize yupi? — Mwenye kiwanja, Mabatini

Ndugu, usimsikilize hata mmoja kabla hujajua jiwe lako ni la namna gani. Chimba kulizunguka. Ukikuta limeshikana na mwamba chini, ni msingi ambao saruji haiwezi kuushinda. Ukikuta limekaa juu ya udongo, ni jiwe lililosimama kwa muda tu, na pengine ndilo linaloshikilia mengine ya juu yake. La namna hiyo usiliguse bila injinia kupanda na kuangalia, maana walio chini yako ni watu wenye watoto.

Pendekezo la nusu kwa nusu ndilo linalotupa nyufa nyingi zaidi kwenye vilima vya Mwanza. Upande wa mwamba haushuki, wa udongo hushuka milimita chache baada ya masika ya kwanza, na ukuta hupasuka pale pale pande hizo zinapokutana. Chagua moja: ama uchimbe upande wa udongo mpaka uufikie mwamba, ama uigawe nyumba mara mbili na kuacha mwanya wa sentimita 2 hadi 3 kutoka msingi hadi paa.

Juu ya mwamba usimwage zege kwenye mteremko. Chonga ngazi zilizolala sawa, toboa matundu ya sentimita 30, ingiza nondo za mm 12 au 16 kwa saruji nzito, kisha jenga msingi wa ngazi. Moto tunaukataa kwa sababu hauchagui: hupasua ulichokusudia na kulegeza usichokiona, na kuni au matairi yake ni balaa jingine. Tindo na kabari ni taratibu lakini unajua ufa unakoelekea. Kokoto na mawe utakayopata yatumike hapo hapo.

Ukuta wa kuzuia udongo ukiwa wa mawe na saruji, upana wa chini uwe nusu ya kimo au zaidi kidogo: ukuta wa mita 1.5, sentimita 75 hadi 90. Ukizidi hapo, mtafute injinia. Kuta hizi huangushwa na maji yaliyokosa njia kuliko udongo wenyewe. Weka bomba za inchi 2 au 3 kila baada ya mita 1.5, nyuma yake sentimita 30 za kokoto, na juu ya kiwanja mfereji wa kukinga maji ya jirani yasifike kwako. Choo pia: kwenye mwamba shimo la kufyonza halifyonzi, maji yatatokea kwa mtu wa chini. Waulize MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kuhusu bomba la majitaka kabla ya kuchora ramani.

Tupo Kisesa. Tofali za kuchoma zinamaliza miti, za saruji bei haishikiki. Tofali za udongo na saruji za kufungamana zinafaa kweli? Udongo wowote unafaa? — Vijana wa kikundi, Kisesa

Zinafaa, na udongo wowote haufai. Ule mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi uacheni kwa mpunga. Tafuteni udongo mwekundu wenye mchanga, chini ya tabaka la juu lenye mizizi, na kabla ya kukodi mashine upimeni hivi.

Tengenezeni kisanduku cha ndani sentimita 60 kwa 4 kwa 4. Kipakeni mafuta, jazeni udongo mbichi uliolowa vizuri na kushindiliwa, mwache siku 3 juani au wiki kivulini. Sukumeni udongo wote upande mmoja mpime pengo. Likiwa chini ya sentimita 2.5, changanyeni saruji 1 kwa udongo 12. Kati ya 2.5 na 4, fanyeni 1 kwa 10. Likizidi hapo udongo una mfinyanzi mwingi, ongezeni mchanga mpime upya. Vipimo hivi ni vya tahadhari kidogo. Wapo wanaotumia saruji pungufu, lakini mvua za huku hazina huruma na tofali dhaifu.

Udongo upite kwenye chekecheo la mm 5. Changanyeni ukiwa mkavu mpaka rangi iwe moja, ndipo mnyunyize maji. Kiasi cha maji hupimwa kwa mkono: finyangeni tonge, liachieni kutoka usawa wa bega lianguke kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne hadi sita, sawa. Likisambaa kuwa vumbi, ni kavu, na likibaki tonge limelowa mno. Mchanganyiko ulioguswa na maji utumike ndani ya dakika 45, kwa hiyo msikoroge mfuko mzima kama mashine ni ya mkono.

Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 huhitajika 34 hivi kwa mita ya mraba ya ukuta. Ukuta wa mita za mraba 120 unataka 4,080, na mkiongeza za kuvunjika hesabuni 4,300. Mfuko wa kilo 50 hutoa kati ya 55 na 65, kwa hiyo mifuko kama 70 kwa tofali peke yake.

Kinachoharibu kazi ni haraka ya kuanika. Saruji haikauki kwa jua, hukomaa kwa unyevu. Zifunikeni kwa nailoni siku 7 mkizimwagilia, kisha zikae kivulini mpaka zitimize 28. Msingi uinuke sentimita 45 juu ya ardhi, paa lichomoze 60 au zaidi, maana matone yanayoruka kutoka chini ndiyo yanayokula safu za kwanza. Na kwa kuwa hazina mota katikati, msiruke nondo za wima kwenye kona na kando ya milango, wala lenta ya kuzunguka nyumba nzima. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi, na ukuta usiofungwa juu ndio unaofunguka kwanza. NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora, ndio waliozieneza tofali hizi nchini. Mashine na mafunzo waulizeni wao.

Kamati yetu inajenga madarasa mawili Misungwi. Ya zamani yana giza katikati, na mvua ikipiga bati mwalimu hasikiki. — Kamati ya ujenzi

Giza: mwanga wa dirisha hufika ndani kama mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu ya dirisha. Lenta ikiwa mita 2.1, mwanga unaishia mita 5. Darasa la upana wa mita 7 lazima liwe na madirisha pande zote mbili ndefu, na pande hizo zitazame kaskazini na kusini. Kwa chumba cha mita 9 kwa 7, uwazi wote usipungue mita za mraba 12.6, na ndani kupakwe nyeupe.

Kelele: bati la geji 28 badala ya 30, na chini yake dari iliyoachana nalo. Mfano wa kujifunzia ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Msanifu wake Diébédo Francis Kéré aliweka dari ya tofali za udongo, kisha akainua bati juu yake kwa kenchi za nondo ili joto litoke katikati. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker. Msiige umbo lake, igeni ule mwanya.

Zahanati yetu ina paa la mita za mraba 180 na simtanki moja la lita 2,000. Mvua ikinyesha linafurika, Julai halina kitu. — Ukerewe

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua moja ya milimita 30 kwenye paa lenu, mkitoa asilimia 20 ya kupotea, ni lita 4,320. Tangi limejaa kabla mvua haijafika nusu. Kama mnatumia lita 200 kwa siku na kiangazi ni siku 100, mnahitaji akiba ya lita 20,000: matangi manne ya 5,000, mawili kila upande wa paa. Kila moja likijaa lina tani 5, kwa hiyo liwe juu ya jamvi la zege, si tofali zilizopangwa.

Gata ipimwe hivi: sentimita 1 ya mraba ya nafasi ya ndani kwa kila mita ya mraba ya paa. Kila upande wenu una 90, basi gata ya sentimita 12 kwa 10 inatosha na ziada. Ishuke sentimita 1 kwa kila mita. Maji ya kwanza yenye vumbi, vinyesi vya ndege na wale wadudu wa ziwani yasiingie tangini: kwa paa la mita 90 tengeni lita 45, yaani bomba la wima la inchi 6 lenye urefu wa mita 2.5, limezibwa chini na kutobolewa tundu la mm 3 lijitoe lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Bomba la kufurikia liwe nene sawa na la kuingizia, na lenye wavu.

Nina eneo ufukweni. Naweza kujenga mita ngapi kutoka majini? — Magu

Mita 60. Ndivyo inavyosema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kwa shughuli za kudumu kando ya ziwa. Pima kutoka ukingo wa maji ya juu, si ya kiangazi: Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha juu sana na likaingia kwenye majengo mengi ya pwani. Ndani ya hizo 60 panda miti na uache matete yaliyopo, ndiyo yanayovunja mawimbi yasile ardhi yako.