Mvua Ikikatika, Ogopa Usiku wa Pili

Utabiri wa majira ya kuchipua una mtindo wake: mvua leo na kesho, kisha manyunyu, kisha jua, na mwishoni kabisa kijisentensi kwamba usiku kutakuwa na baridi. Wengi wenye bustani huishia kwenye mvua. Wanafurahi kwamba hawatamwagilia, wanaweka simu mfukoni. Mimi nimezoea kuanza na kile kijisentensi cha mwisho, kwa sababu mvua ya msimu huu haiui mche wa nyanya. Kinachoua ni jalidi, yaani baridi ya kugandisha, inayokuja nyuma yake.

Mara nyingi mvua hiyo ni dalili kwamba hewa baridi inaingia. Hewa baridi ni nzito, hivyo hupenya chini ya hewa vuguvugu na kuinyanyua; hiyo iliyonyanyuliwa ikipoa, mvuke wake unakuwa mawingu, na mawingu yanamwaga mvua. Yakishapita, upepo unageuka. Kwa walioko mbali kaskazini mwa ikweta, huanza kuvuma kutoka kaskazini-magharibi. Mgandamizo wa hewa unapanda, anga inasafika. Usiku wa kwanza ni wa baridi, lakini upepo bado upo, na upepo unaichanganya hewa ya juu na ya chini. Usiku wa pili ndio wenye kazi. Upepo umelala, nyota zote zipo, na ardhi inatoa joto lake kwenda juu bila blanketi la mawingu la kulizuia. Nikiona mfululizo huo wa mvua, upepo, kisha shwari na anga safi, natoa vitambaa stoo hata kama namba iliyoandikwa si ya kutisha.

Na hiyo namba yenyewe isikudanganye. Joto la hewa linalotangazwa hupimwa kwenye kimo cha kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, ndani ya kisanduku chenye kivuli. Mche wako una kimo cha kiganja. Usiku ukiwa shwari, majani ya chini yanaweza kuwa na baridi zaidi ya hapo kwa nyuzi 3 au 4. Kwa hiyo utabiri wa nyuzi 3 za Selsiasi, kwangu mimi, ni utabiri wa jalidi. Weka kipimajoto chako mwenyewe, kwenye kimo cha mmea, mahali pa chini kabisa pa bustani. Hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, na ukuta uliokatiza mteremko huikusanya upande wa juu. Ndiyo maana jirani wa kilimani anaweza kuamka salama na wewe ukakuta majani meusi.

Jioni kuna kitu kingine cha kutazama, nacho wengi hukiruka: kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo hewa ikilifikia, mvuke wake unaanza kugeuka matone. Kikiwa nyuzi 5, umande unapotunga hutoa joto, na hewa haishuki haraka tena. Kikiwa nyuzi 4 chini ya sifuri, hakuna breki. Hapo ndipo mvua ya juzi inapokusaidia, maana udongo uliolowa hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu. Mvua ikiwa ilipita kijuujuu tu, mwagilia udongo mchana, jua likiwa bado lipo. Matandazo ya nyasi yasogeze kando kwa usiku huo, kwa sababu yanazuia joto la udongo lisiufikie mmea.

Kuhusu ule utabiri wa mwelekeo wa wiki mbili au wa mwezi, usome kwa kiasi. Unasema tu kama kipindi kizima kina uwezekano wa kuwa na joto au baridi kupita kawaida. Hausemi lolote kuhusu usiku mmoja, na usiku mmoja unatosha. Marekani ilikuwa na Machi yenye joto mwaka 2007; miti ya matunda na ngano vikawahi, kisha Aprili ikaja na baridi kali iliyoviunguza. Ufaransa yakawafika hayohayo wenye mizabibu mwezi Aprili 2021. Joto la mapema ndilo linaloitega mimea. Wajerumani wana desturi ya kutotoa miche ya nyanya nje hadi ipite tarehe 15 Mei, siku ya Mtakatifu Sophia, wa mwisho katika wale wanaoitwa watakatifu wa barafu, ambao siku zao za katikati ya Mei huhusishwa na baridi ya mwisho ya msimu. Kalenda ilisogezwa siku 10 mwaka 1582, na siku hizo zikahama kidogo ndani ya msimu, kwa hiyo tarehe hizo si za kushikilia kama amri, lakini subira yenyewe naiunga mkono.

Si kila kitu kinahitaji kufunikwa. Kabichi, njegere, spinachi na vitunguu viache. Okoa nyanya, pilipili, maharage, maboga na mrihani. Funika kabla jua halijazama, wakati udongo bado una joto, na kitambaa kishuke hadi chini, kingo zake zibanwe kwa mawe. Watu hufunga kitambaa kwenye shina, mmea ukaonekana umevaa kilemba. Hapo joto la ardhini limefungiwa nje. Ukitumia nailoni, isimamishe kwa vijiti isiguse majani, maana jani linaloigusa ndilo litakaloungua. Asubuhi, joto likipita sifuri, funua.

Kunyunyizia maji usiku kucha hufanya kazi, lakini sikushauri ujaribu na mpira wa bustani. Gramu moja ya maji ikiganda hutoa kalori 80 hivi za joto. Gramu moja ikigeuka mvuke hula karibu kalori 600. Maji yakikatika katikati ya usiku, au upepo mkavu ukianza kuvuma, unaipoza mimea kuliko ambavyo ingepoa yenyewe. Ukianza, huruhusiwi kuacha mpaka barafu ianze kuyeyuka.

Jalidi ikishapiga, usikimbilie mkasi. Subiri mchana, kisha chukua maua machache ya mtufaha uyapasue kwa ukucha. Katikati pakiwa kijani, ua ni zima. Pakiwa na rangi ya kahawia au nyeusi, limekufa. Tufaha zikiwa zimechanua kabisa, takriban nyuzi 2 chini ya sifuri huua ua moja katika 10, na karibu nyuzi 4 chini ya sifuri huua 9 katika 10. Hesabu hiyo inatisha kuliko ilivyo, kwa kuwa mti uliochanua vizuri hauhitaji maua yote ili uzae. Mahindi machanga yaliyokauka majani yaache siku kadhaa: hadi yafikishe majani matano hivi, kitovu chake cha kukua bado kiko chini ya udongo, na hapo ndipo yanapochipukia upya. Viazi navyo huchipua tena kutoka chini. Nyanya iliyokuwa nyeusi hadi kwenye shina ing'oe, upande nyingine.